Mkaguzi wa Samaki Wekundu

Mara ya kwanza nilipoalikwa kuwaona samaki wake, jirani yangu alinisimamisha langoni na kuniambia nifungue begi.

"Fungua, nione."

Ndani mlikuwa na vitabu vya shule, mwavuli na mkate. Alitazama bila haraka, akagonga ubavu wa begi kwa ncha za vidole, akasema, "Pita." Nilicheka nikidhani ni utani. Yeye hakucheka. Baadaye nilimwona akimfanyia vivyo hivyo fundi wa umeme, kisha katekista aliyekuja kumsalimia alipougua. Alikuwa amekagua mizigo mpakani Gatumba, njia ya Kongo, maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu na kuhamia mtaani kwetu Mutanga Sud, hapa Bujumbura, kazi ilimfuata hadi nyumbani. Mtaa mzima tulimwita Mkaguzi, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika.

Bwawa lake lilikuwa nyuma ya nyumba, kati ya ukuta na mparachichi. Urefu wake ulikuwa kama wa kitanda cha watu wawili, na kina chake kilinifika mapajani. Humo waliishi samaki wa dhahabu, ambao hapa kwetu tunawaita samaki wekundu tu, hata yule mweupe na yule mwenye madoa. Nimefundisha watoto wadogo kwa miaka mingi, na sijapata kuona mwalimu aliyewajua wanafunzi wake kama Mkaguzi alivyowajua samaki wale. Alimjua mvivu, alimjua mlafi, alimjua anayejificha. Na hakumwamini hata mmoja wao.

Watu wengi huniuliza siri ya kufuga samaki hawa, kwa kuwa sasa na mimi nina kibwawa changu kidogo. Huwa nawaambia wasiogope, jambo lenyewe si gumu. Anza tu kama Mkaguzi: usiamini kitu.

Kwake mtuhumiwa wa kwanza alikuwa maji ya bomba. Aliyanusa kama mtu anayenusa maziwa ya jana. "Haya yana dawa, Madamu," aliniambia. "Dawa inayoua vijidudu itamwonea huruma samaki?" Kwa hiyo aliyaacha ndani ya pipa lisilo na kifuniko, juani, siku moja au mbili, mpaka harufu iishe, ndipo akaongeza bwawani kidogo kidogo. Maji ya mvua nayo hayakupona. Mvua ya kwanza ilikuwa inaosha bati, vumbi na kinyesi cha ndege, basi aliiacha ipite zake mferejini na kukinga inayofuata. Nawe fanya hivyo hivyo. Kungoja hakugharimu kitu, na samaki wako watakushukuru kwa kutokufa.

Samaki mgeni alipoletwa, hakuingia moja kwa moja. Mfuko wake wa plastiki ulielea kwanza juu ya maji, ili joto la ndani na la nje lilingane. Kisha hakumwagwa bwawani hata baada ya hapo. Alipelekwa kwenye beseni kubwa mlangoni pa jikoni, lenye chumvi kidogo na wavu juu, akakaa humo wiki kadhaa akichunguzwa mapezi, magamba na hamu ya kula.

"Hawa wamekosa nini?" nilimuuliza siku moja, nikiwatazama wawili wakizunguka beseni.

"Bado sijui," alisema. "Ndiyo maana wako ndani."

Wala hakuwapitisha wengi kwa mpigo. Bwawa jipya ukilijaza samaki siku moja, uchafu wao utalishinda chujio, na utaamka ukute wanaelea ubavu. Wachache kwanza. Ukiona maji yametulia, ongeza wengine wachache. Mkaguzi alilieleza kwa lugha yake: malori yote yakifika pamoja, hakuna linalokaguliwa.

Chujio lenyewe alilitengeneza kwa mikono yake, na ndilo lililokuwa fahari yake. Maji ya bwawa yalitoka kwa bomba la chini na kuingia kwenye shimo dogo lililofunikwa kwa bamba la zege, ambamo uchafu mzito ulitua. Kutoka hapo pampu ndogo iliyapandisha hadi kwenye pipa lililojaa kokoto na sponji, nayo yakashuka yenyewe kurudi bwawani yakiwa safi. Umeme ulipokatika, alichota kwa ndoo na kumimina juu ya kokoto, akinung'unika.

Siku moja nilijitolea kumsaidia kuosha kokoto zile bombani. Alinyanyuka kwenye kiti kana kwamba nimewasha kiberiti.

"Oya, Madamu! Utawaua!"

"Nitawaua nani? Samaki wako kule."

Akanifundisha jambo ambalo nami nalifundisha kila nipatapo nafasi. Juu ya kokoto hukaa vijidudu vidogo visivyoonekana, na hivyo ndivyo vinavyoila sumu itokayo kwenye uchafu wa samaki. Ukiziosha kwa maji ya bomba, dawa inaviua, na chujio linabaki pipa la mawe tu. Zisuuze kwa maji ya bwawa lenyewe, polepole, basi.

"Hao ndio wafanyakazi pekee ninaowaamini," alisema.

"Kwa nini hao?"

"Hawana mifuko."

Bamba la zege lililofunika shimo hakuruhusu mtu mwingine aliguse. Nilidhani ni kwa sababu ya uzito.

Mtaa nao ulimshuku yeye, na mimi sikuushangaa. Mabomba yetu yalipokauka, akina mama walipita na mabido, madumu yao ya njano, kutafuta maji mbali, na kupitia upenyo wa lango waliona bwawa limejaa. "Mkaguzi ana bomba lake chini ya ardhi," walisema. Nilijaribu kuwaeleza kwamba ni maji yale yale yanayozunguka. Mmoja aliitikia kwa kichwa, "Ego, Madamu, na sisi tungependa yazunguke kwetu kidogo."

Halafu likaja suala la mbu. Kiongozi wa nyumba kumi alifika na majirani kuuliza kama bwawa halileti malaria. Mkaguzi aliwapanga mstari langoni, akapekua mikoba ya wote, akiwemo kiongozi, kisha akawapeleka uani. Alichukua kikombe cha maji aliyokuwa ameyachota kwenye tairi bovu la jirani mmoja, lililokuwa limejaa viluwiluwi vya mbu, akamimina bwawani. Samaki walivifuata na kuvimaliza watu wakitazama.

"Na wakishiba?" akauliza mwenye tairi.

"Ndiyo maana siwashibishi," akasema Mkaguzi.

Na kweli, hakuwashibisha. Aliwapa kile wanachoweza kumaliza yeye akiwa bado amesimama pale, na chakula kilichobaki alikiondoa kwa kichungi cha chai. Chakula kinachooza majini huua kuliko njaa.

Mtu yule alikuwa na mambo yasiyopatana. Alifuga samaki lakini hakula samaki. Alisema miaka ya kupekua magunia ya samaki wakavu ilimaliza hamu yake yote. Alipekua kila mtu, lakini mlango wa nyumba yake haukuwa na komeo zuri. Tena, mtu mmoja alipita lango lile bila kukaguliwa: dada yake mkubwa, mkulima wa Ruziba, aliyekuja na magunia ya mihogo na mboga na kuyabwaga popote alipotaka. Mara moja tu nilimwona Mkaguzi akinyoosha mkono kuelekea gunia la dada. Alipigwa kofi la kiganja.

"We! Mi nilikubeba mugongoni, leo unataka kunipekua?"

"Apana, dada. Pita."

Siku hiyo dada alileta yungiyungi, mizizi na matope yake yote, aliyoyang'oa kwenye kinamasi karibu na shamba lake. Mkaguzi aliyapanda bwawani jioni ile ile, yakapendeza mno. Nilimuuliza kuhusu beseni, je, hayakai kwanza humo?

"Hayo yametoka kwa dada," alisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Sasa nifike kwa zamu, kama tunavyomwita mlinzi wa nyumba hapa Bujumbura. Alikuwa kijana mwenye mke na watoto, mpole, mcheshi, na mkewe aliuza lengalenga, mchicha wa huku kwetu, kwenye kona yetu. Alilala kibandani kando ya lango na kutoka asubuhi, na kila asubuhi alifungua begi lake mwenyewe kabla ya kuambiwa. Ulikuwa kama mchezo kati yao.

"Leo nimeiba mvua, mzee," aliwahi kusema, akionyesha sweta lililolowa.

"Irudishe," akajibu Mkaguzi. "Pita."

Miezi kadhaa baada ya yungiyungi kuchanua, samaki walianza kupotea. Hakuelea maiti, halikuonekana gamba. Alianza yule mwenye madoa, akafuata mvivu. Mkaguzi alimshuku mdiria, ndege yule mla samaki mwenye mdomo mrefu, akatandaza wavu juu ya bwawa lote. Wakaendelea kupotea. Akamshuku paka wa kwangu. Nikamfungia paka ndani, akalia wiki nzima. Wakaendelea kupotea. Wavu ulikuwa mzima, ukuta ulikuwa mrefu, na usiku uani alikuwamo mtu mmoja tu.

Asubuhi moja nikielekea shuleni niliwakuta langoni. Wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wanapita, na akina mama wa mabido. Safari hii Mkaguzi hakutazama begi ndani ya lango. Alilichukua, akatoka nalo, akalimwaga barabarani. Sahani ya bati, sweta, kipande cha sabuni, redio ndogo.

"Mzee," alisema zamu kwa sauti ya chini, "mi nitafanya nini na samaki mwekundu? Nani atamununua?"

"Hilo utajibu wewe."

"Umekagua. Umeona nini?"

Mkaguzi alivitazama vitu vile vumbini kwa muda. "Nimeona begi safi mno," alisema. "Usirudi tena."

Mwanafunzi mmoja aliyeijua tabia ya nyumba ile akapaza sauti, "Pita, sha!" na wenzake wakaangua kicheko. Zamu aliokota sahani yake. Mimi nilimsaidia kuokota sabuni, na hakunitazama usoni.

Kilichofuata ndicho kilichommaliza. Baada ya yeye kuondoka, samaki hawakupotea tena, hata mmoja. Mtaani watu walitikisa vichwa: si mmeona? Waliokuwa wakimtetea wakanyamaza. Hakuna nyumba Mutanga Sud iliyomchukua tena, akaishia Gatumba kusukuma baiskeli zenye mizigo ya watu kuvuka mpaka. Mkewe aliendelea kuuza lengalenga pale pale konani. Mkaguzi alipopita, mwanamke huyo aligeukia ukuta.

"Madamu," aliniambia mara moja akinifungia mboga, "sisi tunakula ndagala, dagaa hizi za ziwani, na hata hizo si kila siku. Samaki wale ni kama maua. Mutu atapika ua?"

Nilijaribu kusema na Mkaguzi. "Yule kijana si mwizi," nilimwambia.

"Samaki wamepotea tena?"

"Hapana."

"Basi."

Lakini aliposema "basi" hakunitazama mimi wala bwawa. Alitazama lile bamba la zege.

Tangu hapo nikaanza kumshuku mshukuzi. Niliona kwamba kwenye mdomo wa bomba la chini, linalotoa maji bwawani kwenda shimoni, palikuwa na kipande kipya cha wavu wa chuma. Niliona kwamba hataki tena nikae karibu na chujio. Na siku moja sokoni nilimkuta, yeye asiyekula samaki, akinunua ndagala mbichi. Nilimuuliza ni za nani. Alinijibu kwamba ni za paka. Mtaani kwetu mwenye paka ni mimi.

Kwa mtoto anayeficha jambo, mara nyingi nimeona ni bora ukae karibu naye na kumpa muda kuliko kumbana. Nikaendelea kwenda kwake, nikaendelea kufungua begi langoni.

Mara ya mwisho ninayotaka kuieleza, aliniita mwenyewe. Miguu yake ilikuwa imevimba, na alitembea kwa kushika ukuta. Nilimkuta ameketi kwenye kiti kando ya pipa. Alikagua begi langu akiwa ameketi hapo hapo, kisha akasema chujio limechafuka na yeye haliwezi tena.

"Nianze na kokoto?" niliuliza.

"Anza na shimo."

"Shimo hujawahi kuniruhusu."

"Leo nimekuruhusu. Fungua."

Nililisukuma lile bamba kwa nguvu zangu zote mpaka likaachia nafasi. Maji yalikuwa meusi na tulivu. Kisha kitu kikajigeuza, na kichwa bapa chenye sharubu ndefu kikapanda taratibu hadi juu, kikafungua mdomo, kama mtu aliyezoea kulishwa saa hiyo. Kilikuwa kirefu kama mkono wangu.

"Umeona nini?" akauliza Mkaguzi.

"Kambare."

"Ameingilia wapi?"

Niligeuka nikayatazama yungiyungi. Kambare akiwa mdogo ni kama msumari. Kwenye tope la mizizi humwoni. Mchana hujificha gizani, usiku hutoka kuwinda, na bomba lile lilikuwa mlango wake.

"Kwenye gunia la dada," nilisema.

Alitikisa kichwa kukubali. Akaniambia kwamba alimkuta kesho yake tu baada ya kumfukuza zamu, alipofungua shimo kutoa tope. Akaweka wavu kwenye bomba. Ndipo samaki wakaacha kupotea.

"Na ukanyamaza."

"Nilikuwa nimeshamwaga vitu vya mutu barabarani, Madamu."

"Kwa nini basi hukumuua huyu?"

"Ushahidi hautupwi."

"Wa kumshitaki nani, mzee?"

Alisugua magoti yake. Kambare alizama tena. "Siwezi tena kuinua hili zege," alisema hatimaye. "Nikifa watafukia hapa kwa udongo, na yule atabaki mwizi. Watoto wake watakuwa watoto wa mwizi. Muite."

Nilikwenda konani. Mke wa zamu alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea kufunga mboga.

"Anataka kumukagua tena?" aliuliza.

"Safari hii anataka kukaguliwa yeye."

Zamu alikuja Jumamosi kwa baiskeli, mkewe akiwa nyuma yake kwa miguu, na begi lile lile begani. Alikataa kiti. Nilimtoa kambare kwa wavu nikamweka kwenye lile beseni la jikoni, naye akapiga mkia hadi tukalowa sote. Zamu aliinama akamtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe ni wewe, bwana," alimwambia samaki. "Wewe ulikula vizuri. Watoto wangu je?"

"Nimekukosea," akasema Mkaguzi.

"Nimesikia, mzee. Lakini hapa tuko watu wanne. Siku ile walikuwa wanne?"

Mkaguzi aliinuka, akashika mkono mmoja wa beseni. Nilitaka kuushika mkono wa pili; zamu akanitangulia. Wakalibeba pamoja, polepole, maji yakimwagika kwenye viatu vyao, mpaka nje ya lango, hadi pale pale penye vumbi. Mabomba yalikuwa makavu tena wiki hiyo, na akina mama wa mabido hawakukosekana. Wanafunzi nao walisimama, kama wanavyosimama penye jambo lolote.

"Huyu ndiye aliyekula samaki," alisema Mkaguzi kwa sauti yake ya mpakani. "Si huyu kijana. Niliwaacha mumwite mwizi, na nilijua."

"Ulijua tangu lini?" akauliza mama mmoja.

"Tangu alipoondoka."

Hakuna aliyecheka. Mwenye tairi bovu alisema kwa mshangao, "Yampayinka," akashika kinywa. Mke wa zamu alisimama mbele kabisa, na safari hii hakugeukia ukuta.

Mkaguzi alimwomba zamu arudi kazini. "Apana, mzee," alijibu zamu, bila hasira. "Gatumba pia wananipekua. Lakini wale wanaangalia kwanza, ndipo wanaongea." Akamtia kambare kwenye gunia lililoloweshwa maji, mkewe akalifunga nyuma ya baiskeli. Hakutuambia kama wanakwenda kumla au kumfuga, nasi hatukuuliza.

Kisha zamu akarudi uani kuchukua begi lake, aliloliacha alipobeba beseni. Alipofika langoni alisimama, akalifungua, akalishikilia wazi mbele ya mzee, kama asubuhi za zamani. Mkaguzi aligeuza uso akatazama mparachichi.

"Pita, mwanangu."

Zamu hakusogea. "Angalia kwanza, mzee. Watu bado wako hapa."

Basi Mkaguzi aliegemea nguzo ya lango, akainama, akatazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama begi la mtu. Kisha akainua kichwa na kuwageukia wale waliokuwa barabarani.

"Hamna kitu," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kona ya lengalenga. Akagonga ubavu wa begi kwa ncha za vidole. "Pita."

Zamu akapita.